Mama Keller alijua

Wengi wakimaliza kusoma All My Sons, tamthilia ya Arthur Miller iliyopanda jukwaani New York mwaka 1947, hukumu yao huwa fupi: Joe Keller ni muuaji. Ushahidi upo. Wakati wa vita kiwanda chake kilitoa silinda hedi, yaani vifuniko vya injini za ndege, zenye nyufa. Kwa simu akamwagiza mshirika wake, Deever, azizibe na kuzipeleka jeshini, yeye akabaki nyumbani akisingizia mafua. Marubani 21 wakafa. Deever akafungwa. Joe akashinda rufaa, akarudi mtaani, na sasa anacheza na watoto wa jirani mchezo wa polisi na jela! Hilo halina mjadala.

Anayenisumbua mimi ni mkewe, Kate. Mwanawe Larry, rubani, alipotea vitani zaidi ya miaka mitatu iliyopita, naye hataki kusikia kwamba amekufa. Viatu vya kijana viko kabatini, vimepigwa rangi. Jirani anaombwa apige falaki ajue kama siku aliyopotea ilikuwa ya nuksi kwake au ya heri. Ukisoma hapo tu, utamwonea huruma, na ni haki yake. Hakuna maiti wala kaburi. Nani atamwambia aanue matanga?

Lakini mwishoni mwa sehemu ya pili anamwambia Chris, mwanawe mwingine, kwamba Larry yu hai, kwani akiwa amekufa basi baba yake ndiye aliyemuua. Kumbe matumaini yale yalikuwa na hesabu ndani yake. Joe hujitetea kwamba Larry hakurusha ndege za aina ile, na kweli hakuzirusha. Kate hajali utetezi huo. Kwake, Larry akirudi, mume aliye naye kitandani hakuua mtoto wao.

Watetezi wake watauliza: mke angefanya nini, amshitaki mumewe? Swali zito. Ila kumbuka Ann, binti wa Deever, aliyemkana babake kwa aibu na kuacha hata kwenda kumtazama gerezani. Kate anamkaribisha nyumbani, anamwita mwanangu, na hasemi neno. Hapo huruma yangu inaniishia.

Anakuja George, kaka yake Ann, akiwa amejaa hasira. Kate anamlainisha kwa kinywaji na habari za zamani, karibu asamehe, kisha yanamtoka Kate mwenyewe: Joe hajaugua miaka 15. Mafua yakafa palepale. Ulimi uleule uliombembeleza kijana ndio uliomfichua mume.

Barua ya Larry inaposomwa, kwamba alijiua kwa aibu ya babake, Joe anaingia ndani na kujipiga risasi. Chris analia. Kate anamwambia asahau, aishi. Sijui nilisome vipi neno hilo: ni mama anayemfungulia mwanawe mlango, au ni yuleyule aliyeficha kwa miaka mitatu, akianza tena?