Anwani mbadala: nani anashika ufunguo?

Mwezi Machi, duka moja la vifaa vya umeme katika barabara ya Luthuli, Nairobi, liliniomba barua pepe ili linitumie risiti. Niliwapa anwani mbadala, yaani anwani ya ziada inayopeleka barua kwenye anwani yangu halisi bila kuifichua; niliitengeneza papo hapo kwenye simu, yenye jina la duka lenyewe. Baada ya wiki tatu, matangazo ya kamari yakaanza kuingia kupitia anwani ileile. Nilijua mara moja yalikotoka. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaniruhusu kulalamika, na ni vyema tulalamike, lakini kuizima anwani hiyo kulinichukua sekunde chache tu.

Kwa hiyo sihitaji kushawishiwa kuhusu faida. SimpleLogin, huduma ya anwani hizi iliyonunuliwa na kampuni ya barua pepe ya Proton mwaka 2022, hutoa anwani 10 bure. Firefox Relay, huduma kama hiyo ya Mozilla, hutoa 5. Kwa mtu binafsi anayekimbia matangazo, yoyote kati ya hizo itamfaa.

Wanaosita nao wana hoja nzito. Kila barua inapitia mikononi mwa mtu wa kati, na akifunga biashara, anwani zote zinakufa naye. Ndiyo maana benki na iTax, mfumo wa kodi wa Kenya, nimewapa anwani yangu halisi. Tovuti nyingine huzikataa kabisa anwani za aina hii.

Kwa timu, jambo ni zito zaidi. Marafiki zangu watatu wana karakana ya samani Ngara. Mmoja alifungua anwani zote za biashara kwa akaunti yake binafsi. Alipoondoka, maswali ya wateja yaliendelea kumfuata yeye, na waliobaki wakalazimika kuwapigia wateja simu mmoja mmoja. Wangekuwa na kikoa chao, yaani jina lao wenyewe baada ya alama ya @, kwa mfano la .co.ke, wangehamia huduma nyingine bila mteja kugundua lolote.

Hata hivyo kikoa chako hakikufichi. Ukikitumia peke yako, anwani zako zote zina mkia mmoja, na yeyote mwenye orodha za wateja za maduka mawili ataziunganisha. Mimi ningewashauri wanaofanya biashara wakilipie, na mnunuzi wa kawaida abaki na mkia unaotumiwa na maelfu ya watu.

Na akaunti ya kulipia kikoa isajiliwe kwa anwani iliyo nje ya kikoa hicho. La sivyo, muda wa kikoa ukiisha, hata barua ya kukirejesha haitakufikia.