Nimeoga na Mkwe

Leo asubuhi bomba limekohoa mara tatu, likatema kutu, likanyamaza. Nikatoka na dumu langu la njano, kikoi kiunoni, nikamkuta jirani barazani na kahawa yake, kama alinisubiri tangu alfajiri.

"Mzee wa Ulaya! Yale maji ya moto ya kule hukutuletea?"

Mkewe akacheka. Kijana wa mkokoteni naye akacheka, halafu akanipandishia bei ya dumu, maana mimi ni mtu wa Ulaya.

Sasa sikilizeni, niseme mara moja nisiulizwe tena. Nilikwenda Reykjavík, kule Iceland. Binti yangu ameolewa huko, na nauli walitoa wao, kwa hiyo sina haki ya kulalamika. Nalalamika hivyo hivyo.

Jina la mji maana yake ni Ghuba ya Moshi. Nikawaambia Moshi naijua, basi linatoka Tanga asubuhi. Kumbe moshi wenyewe ni mvuke wa maji yanayochemka ardhini. Maji hayo wameyatia kwenye mabomba, yanapasha nyumba zao, na yakishapoa kidogo wanayapitisha chini ya njia za waenda kwa miguu katikati ya mji ili theluji isigande. Hebu fikiria hilo ukiwa na dumu begani. Njia ya miguu ina maji ya moto! Ila yananuka yai viza. Siku ya kwanza nilifungua bomba bafuni, nikanusa, nikamtazama mke wangu kwa jicho baya.

Mengine ya mji sina haja ya kuyavuta. Mwavuli wangu ulichukuliwa na upepo mbele ya kanisa lao refu, Hallgrímskirkja, walilolianza 1945 wakalimaliza 1986; hapo nikafarijika, nikakumbuka daraja la mtaani kwetu. Mbu hawana. Mwaka 2025 walionekana watatu, ikawa habari ya dunia. Watatu mimi ninao ndani ya chandarua. Papa wao wanamwozesha mpaka anatoa harufu ya choo cha stendi, na mimi ni mtu wa pwani, ng'onda nimekula tangu sijaota meno. Jua la Juni linazama kama saa sita usiku na kuchomoza kabla ya saa tisa. Sasa Isha niiweke wapi?

Haya yote ningeyasamehe. Aliyenimaliza ni mkwe.

Mkwe wangu ni kijana mzuri, mrefu, mpole. Huniita jina langu kavu kavu, bila hata "baba". Binti anasema si utovu wa adabu, kule hata rais anaitwa kwa jina lake la kwanza. Nimekubali kwa mdomo. Siku ya tatu akasema twende bwawani. Kila kona wana bwawa la umma, ni kama sisi na vijiwe vya kahawa. Binti akaniambia, "Baba, kule huoga kwanza ndiyo mkaingia." Hakusema zaidi. Na hilo sijamsamehe.

Nikajiandaa kiheshima: kikoi, taulo, kaptura ya kufika magotini. Mlangoni tukavua viatu. Hadi hapo sawa, kama msikitini. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo mkwe akavua shati, nami nikageukia ukuta kwa adabu, nikahesabu vigae. Nilipogeuka, mkwe hana kitu. Nasema hana kitu! Amesimama ananieleza kodi za nyumba zilivyopanda.

Jamani, mkwe! Babu yangu akimwona mkwewe njiani alizama kwenye mihogo mpaka apite. Mimi mwenyewe kijana huyu akiingia sebuleni hufunga kifungo cha shingoni.

Nikasema nitaoga na kikoi changu. Hata maiti kwetu huoshwa akiwa amefunikwa. Ile nimeingia tu chini ya maji, akatokea bwana mmoja ambaye kazi yake, ya mshahara, ni kuangalia kama watu wameoga. Akanipeleka kwenye bango ukutani. Amechorwa mtu, amewekewa madoa mekundu pa kusugua: kichwani, makwapani, miguuni, na pale. Akapagonga pale kwa kidole mara mbili. Mkwe akatafsiri, uchi vilevile, kwa sauti ya msoma taarifa ya habari: maji ya bwawa hutiwa dawa kidogo, kwa hiyo kila mtu lazima ajisugue kwa sabuni bila nguo.

Nikamwambia, "Mwambie mimi natawadha mara tano kwa siku."

Akamwambia. Yule bwana akatabasamu, akapagonga pale tena.

Kikoi kikatoka. Nilijipaka sabuni nimefumba macho, nikidhani nisipoona sitaonekana. Sabuni ikaingia machoni. Nikapapasa ukutani nitafute bomba, nikashika bega. La mkwe.

"Pole," akasema. Kiswahili pekee alichofundishwa, akakitumia hapo.

Tukatoka nje, maana bwawa halina paa, upepo ule ule ulionipora mwavuli, tukakimbilia kwenye kile wanachokiita chungu cha moto. Watu wanane humo, tunachemshwa kama mihogo, magoti yanagusana, wanajadili siasa. Ni baraza kabisa, ila imejaa maji. Mzee mmoja akaniuliza kwetu samaki bei gani. Nikamtajia ya changu. Akasema wanatuibia. Nikampenda papo hapo.

Mke wangu alitokea upande wa wanawake kimya. Yeye aliingia na mama yake mkwe wetu. Njia nzima hakunena, na mpaka leo sijamuuliza.

Sasa jirani anacheka maji ya moto. Mkwe mwenyewe anakuja Desemba, kasema hataki hoteli, atakaa kwetu. Bafu letu la uani lina pazia tu, tena fupi. Nimemtafuta fundi wa mlango. Kachukua nusu ya fedha Jumatatu, akasema anakwenda kununua bawaba. Simu haipatikani.