Mwana Si Jina

Nimerudi sasa hivi kumuandikisha binti yangu cheti cha kuzaliwa, na mtu asiniulize kitu mpaka nimalize chai.

Mtoto ana miezi mitano na siku ishirini. Ikitimu sita anaitwa aliyechelewa, na aliyechelewa ana fomu zake. Amezaliwa nyumbani, kwa hiyo karatasi ya kwanza aitoe naibu chifu. Naibu chifu yuko Mokowe mkutanoni. Nikavuka kumfuata, naye ashapanda boti kurudi Lamu. Bila shaka tulipishana majini, pengine tulipungiana mikono. Haya, huyo tumuache.

Nije kwa karani. Kijana wa bara, mpole, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Mie nimevaa koti, kaskazi hii, nionekane mtu na watu wangu.

"Jina la mtoto?"

"Mwanakheri."

Akaandika, akasita. "Mwana wa nani?"

Si mwana wa mtu, ndugu yangu. Yaani, ni mwana wangu, lakini ndilo jina. Neno moja.

"Mzee, wote wanaoandikishwa hapa ni wana." Akafuta Mwana. Ikabaki Kheri.

Nikavuta koti. Jina la baba? Athman Bwanakheri. Akanitazama kwa huruma. "Vyeo hatuandiki."

Cheo gani?

"Bwana."

Nikamwambia marehemu babangu alikuwa fundi wa majahazi, hajapata kuwa bwana wa mtu, hata punda wake hakumtii. Hilo bwana alipewa na mamake. Nikamtolea kitambulisho. Balaa. Karani mwenzake wa zamani alikiandika mbalimbali: Bwana, halafu Kheri.

"Unaona? Walikuwekea heshima tu. Kama unabisha, lete cheti cha babu."

Cheti cha babu! Foleni ishatoka mlangoni. Bibi mmoja nyuma yangu ananibembeleza: "Mwanangu, kubali Kheri, jina zuri." Nikubali vipi, bibi? Mbuzi wa akika ashaliwa! Mtaa mzima wa Langoni umekula pilau kwa jina la Mwanakheri, niwaambie waitapike?

Hapo koti nilishalivua.

Basi imeandikwa: Kheri Athman Kheri. Jinsia, mume. Kwa sababu, asema, Kheri ni jina la kiume. Kurekebisha ni kiapo kwa wakili, na wakili ana bei yake, na hiyo bei mwaijua.

Njiani nikakutana na punda wa jirani anatoka kliniki, mguu umefungwa bendeji nyeupe pee. Punda wa Lamu wana kliniki yao tangu 1987, wanatibiwa bure, na sijasikia punda aliyeulizwa jina la babake. Kasimama katikati ya kichochoro, hanipishi. Nikapita ubavuni, koti likashika msumari.

Nafika mlangoni, mamangu yuko barazani.

"Mwana ameandikwa yeo?"

"Mama, Mwana ndiyo waliyoifuta."

Hakunielewa, akanimiminia chai. Na hii chai, nani ameitia chumvi?