Jini la Mto Mpiji

Forester ya Mwalimu mstaafu ilikuwa na jini, na jini lenyewe lilikuwa na anwani: Mto Mpiji, pale Bunju inapoishia na Mapinga inapoanza. Mjini gari lilikuwa zito tu. Likishavuka daraja kuelekea Bagamoyo, ukikanyaga mafuta yanakatika, linatupa abiria mbele, mafuta yanarudi, safari inaendelea. Mafundi walishapita. Wa kwanza alibadilisha plagi, wa pili pampu ya mafuta, wa tatu akasoma msimbo wa hitilafu P0244 kwenye kompyuta ya gari, akamuuzia solenoidi mpya ya tabo, vali ndogo ya umeme. Mama naye akaweka ndimu saba chini ya viti. Katika matibabu yote hayo, ndimu ndizo zilizokuwa na bei ya haki.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema, fundi wa nne mimi. "Mkitoka Kinondoni, foleni mnaiacha wapi?"

"Marahaba. Tegeta."

"Na kabla ya Tegeta umewahi kukanyaga mafuta mpaka chini?"

"Nikanyage niende wapi?"

Jini likawa limejitaja nusu. Mpiji ni mahali pa kwanza ambapo injini imeshaiva kwa foleni ndefu na barabara iko wazi. Mafundi wenzangu walilijaribu gari kwa kuzunguka mtaa, likiwa baridi, wakalirudisha wakisema limepona.

Tabo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, huzungushwa na moshi wa eksozi. Moshi ukizidi, mlango mdogo, westigeti, hufunguka kuupitisha pembeni. Mlango huo husukumwa na kopo lenye diaframu, na kopo hupata habari kwa mpira mwembamba unaotoka kwenye tabo yenyewe. Kwenye Forester hii ya toleo la SG5 springi ya kopo huachia presha ikifika karibu na ba 0.5. Solenoidi huvujisha sehemu ya presha ili kopo lidanganyike, ndipo tabo ifike kama 0.8. Mpira ukichomoka, ukipasuka au ukiziba, kopo halina habari, mlango haufunguki, na presha inapanda bila mwenyewe. Kompyuta ikiona hivyo inakata mafuta ghafla kuokoa pistoni. Yaani aliyekuwa akiwatupa mbele ndiye aliyekuwa akiwalindia injini.

Na P0244 haisemi solenoidi imekufa. Inasema presha imekataa amri. Chomoa soketi, pima ukinzani wa koili: ukipata karibu omu 30, weka hela yako mfukoni. Ile ya zamani bado ilikuwa kwenye buti, nilipata 31.

Nikaunga geji ya presha kwenye mpira wa inteki, hewa inapoingilia injini, kwa kiungo cha T, nikaipitisha dirishani, Mwalimu akaishika. Mama akasema kwa kuwa tunakwenda njia ya Bagamoyo, na yeye ana shughuli huko, atapanda nyuma na sufuria yake ya pweza wa nazi.

"Mama, sufuria ikae chini."

"Chini kuna ndimu, mwanangu."

Tukavuka daraja. Nikakanyaga mpaka chini. Mwalimu akasoma geji kwa sauti ya darasani: "Sifuri nukta sita. Sifuri nukta nane. Sifuri nukta tisa. Moja nukta—"

Mafuta yakakatika. Mchuzi haukukatika. Kwa sheria ya Newton ambayo Mwalimu aliifundisha mpaka akastaafu, uliendelea na mwendo uleule hadi kisogoni kwangu. Bahati foleni ya Mwenge ilikuwa imeshaupoza.

"—mbili," Mwalimu akamalizia.

Nikaegesha, nikafungua boneti palepale, maana injini ikipoa ushahidi unaondoka. Kati ya tabo na kopo, badala ya mpira mweusi wa kiwandani, kulikuwa na kipande cha mpira mweupe unaoona ndani, kimelegea kwa joto, kimekunjika kwenye kona na kuziba kabisa. Kikipoa kinakakamaa, kinanyooka, hewa inapita.

Trafiki akasogea.

"Fundi, tatizo nini?"

"Presha, afande."

Akaangalia mkono wa pweza uliokuwa kwenye kola yangu. "Ya nani?"

Nyumbani ilijulikana kwamba panya walitafuna mpira wa asili, na mpwa wa Mwalimu akaweka mwingine kwa ubunifu wake. Vipande vya zamani alivitupa, pamoja na kile kidude cha shaba chenye tundu la kama milimita moja kilichokuwa ndani. Hicho ndicho kinachobana hewa ili solenoidi iweze kuvujisha ya kutosha. Kikikosekana, kopo linapata presha yote, linafungua mlango mapema na gari linakuwa zito. Ndiyo maana lilikuwa na ugonjwa mmoja likiwa baridi na kinyume chake likiwa moto, na kila fundi akatibu nusu yake.

Kabla ya kufunga mpya nilipima kopo kwa pampu ya mkono yenye geji: fimbo ianze kusogea karibu na 0.5, na presha isishuke ukisubiri dakika. Ikishuka, diaframu imechanika. Usithubutu kutumia kompresa ya matairi moja kwa moja. Utaichana wewe mwenyewe. Halafu nikafunga mpira wa silikoni wa kipenyo cha ndani milimita 4, vibano kila ncha, na kidude cha shaba nilichokipata kwenye spea za mtumba Ilala. Kinakaa kati ya tabo na kiungo cha T kinachogawa hewa kwa kopo na solenoidi. Ukikiweka upande wa kopo, habari zinachelewa na presha inaruka juu kabla mlango haujafunguka.

Ukitaka uhakika, chomoa mpira wa solenoidi kwenye T na uzibe tundu hilo: gari libaki karibu na 0.5. Likizidi hapo, tatizo ni mpira wa kopo, kopo, au mlango wenyewe. Au eksozi pana ya vijana, inayopitisha moshi mwingi kuliko mlango unavyoweza kuumudu. Hiyo haitibiwi kwa mpira.

Tulivuka Mpiji tena, mshale ukasimama 0.8, mama akiwa ameacha sufuria nyumbani. Akasema ndimu zimefanya kazi. Sikubishana, hela ilikuwa bado haijatoka.

Jioni mpwa akanipigia.

"Shikamoo fundi. Ule mpira wangu mweupe umeutupa?"

"Marahaba. Unautakia nini?"

"Niliukata kwenye tangi la samaki. Uliobaki haufiki chini, samaki wote wanashinda juu wanagombania povu."