Manjano sawa, ila kiasi hamkusema

Mwandishi wa makala yenu ya manjano anasema kijiko cha manjano kwenye maziwa ya moto kinatuliza uvimbe wa utumbo mpana. Hapo karuka jambo kubwa. Utafiti wa Japani wa 2006 ulikuwa na wagonjwa 89 wa uvimbe huo. Karibu nusu yao walipewa gramu 2 za kukumini kwa siku (ile inayoyapa manjano rangi yake), tena juu ya dawa zao za hospitali, na ugonjwa haukuwarudia sana kama wenzao. Sasa, unga wa manjano una kukumini kama asilimia 3 tu. Piga hesabu: zaidi ya gramu 60 kila siku, mchuzi gani huo jamani? Tieni na pilipili manga, inasaidia mwili kuifyonza hiyo kukumini. Na mwenye kuona damu chooni akapime kwanza, huenda ni amiba, na dawa yake ni nyingine kabisa.