Nani Alimtambulisha, na kwa Nani?

Mtu wa Kilimanjaro akiulizwa Dar es Salaam ametoka wapi, atasema Moshi. Akiulizwa Moshi mjini, atasema Machame. Akifika Machame atataja kijiji, na wazee wa pale bado watataka kujua ukoo. Hajamdanganya hata mmoja. Lakini akishafariki na historia yake ikaandikwa, majibu yote hayo hufutwa likabaki neno moja: Mchagga.

Nadhani Kiswahili chenyewe kimetuonya, ila hatusikii. Utambulisho umetokana na kutambulisha, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Kuna anayetambulisha, anayetambulishwa, na anayetambulishiwa. Mtafiti anayeandika wasifu wa mtu hana budi kuwapata wote watatu, pamoja na mwaka walipokutana.

Mchukue mtawala wa Moshi aliyefariki mwaka 1891. Watu wake walimwita Rindi. Wazungu waliopita kwake waliandika Mandara, na ndilo jina la kibanda cha kwanza unachokikuta ukipanda mlima kwa njia ya Marangu. Ukitafuta Mandara peke yake utapata zaidi maneno ya wageni. Ukitafuta Rindi utapata zaidi kumbukumbu za watu wake. Na kwenye majalada ya Wajerumani usitafute Chagga wala Machame: wao waliandika Dschagga, Madschame, Moschi.

Mwanawe, Mangi (yaani mtawala) Meli, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Naheshimu sana kumbukumbu yake, na kwa heshima hiyohiyo napinga sentensi iliyozoeleka kwamba alipigania Wachagga. Mwaka 1891 wapiganaji wa Moshi walikwenda pamoja na Wajerumani kumpiga Sina, mangi wa Kibosho. Marealle, mangi wa Marangu, alikuwa hasimu wa Meli. Kila mangi alikuwa na nchi yake. Uchagga kama nguvu ya siasa ulikuja kupata mwili baadaye, kwa kahawa, shule na ofisi: chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro mwaka 1925, chama cha ushirika cha KNCU katika miaka ya 1930, hadi Thomas Marealle akawa Mangi Mkuu wa Wachagga wote mwaka 1952. Kumvika Meli vazi la 1952 ni kumpokonya nchi aliyoifia.

Kazi yenyewe ifanyike hivi. Piga mistari kwenye daftari upate safu tano: mwaka, jina kama lilivyoandikwa, aliyeandika, sababu ya kuandika, na aliyekusudiwa kusoma. Kila hati ipate mstari wake. Usinyooshe tahajia, na usiunganishe mistari miwili kwa kuwa tu majina yanafanana.

Hapo kwenye kuunganisha ndipo wengi wanapoteleza. Kwa desturi ya Wachagga, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Basi katika mstari wa wazaliwa wa kwanza, Ndesamburo wa Kimaro humzaa Kimaro, na huyo Kimaro humzaa Ndesamburo, ambaye naye ni Ndesamburo wa Kimaro! Jina na jina la baba hurudi pamoja, kizazi kimoja kikirukwa, kwa hiyo jina la baba halitoshi kumtenga babu na mjukuu. Tafuta jina la mama, kihamba (shamba la ukoo lenye makazi) alichoishi, na jina la ubatizo, maana huenda mjukuu akaitwa Petro na babu hakubatizwa kabisa.

Upande wa Arusha ugumu ni mwingine. Mwarusha anasema Kimaa lakini analima miteremko ya Meru, kwa hiyo karani mmoja angeweza kumwandika Mwarusha na mwingine Mmasai. Rika husaidia kukadiria umri, lakini rika moja hukusanya vijana waliotahiriwa kwa miaka mingi. Ukilibadili kuwa mwaka mmoja wa kuzaliwa, umeitungia hati jibu.

Wakati mwingine mhusika mwenyewe ndiye anayejitambulisha, nako sababu iulizwe. Kirilo Japhet alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi ya Engare Nanyuki, upande wa Mlima Meru, alisimama kama mjumbe wa Wameru. Alikuwa na mengine mengi maishani, lakini walionyang'anywa ardhi walikuwa Wameru, na dai lilihitaji kusemwa kwa jina hilo. Hili halina unafiki wowote. Mwandishi aseme tu kwamba hayo ni maneno ya mwaka ule, mbele ya baraza lile.

Wanawake ndio wanaopotea zaidi. Mmoja anaweza kuwa binti wa fulani kwa baba yake, mke wa fulani kwenye kitabu cha ndoa, na Mama Fulani kijijini, bila jina lake kutokea popote katika hayo matatu. Usianze na mume. Anza na ubatizo wa watoto wake, hasa kwenye vitabu vya Kikatoliki ambavyo huandika baba na mama, kisha rudi nyuma kwenye ndoa, halafu kwa ukoo aliozaliwa. Na uwaulize wazee wa kwao kabla ya wazee wa alikoolewa, maana kwao ndiko bado wanakumbuka aliitwaje akiwa msichana.