Kulaani si kukaripia

Siku hizi tamko la chama au la wizara halikamiliki bila "tunalaani vikali". Tumelizoea neno hili hadi hatusikii tena lilichobeba. Katika Kiarabu, kulaani ni kumtoa mtu katika rehema ya Mungu, na Waswahili walilipokea na uzito huohuo. Ndiko zilikotoka laana, mlaaniwa na lile tusi la watu wa pwani, maluuni. Tazama katika Kurani sura ya An-Nur, aya ya 6 hadi ya 9: mume anayemtuhumu mkewe kwa zinaa bila mashahidi huapa mara 4 kwamba anasema kweli, kisha mara ya 5 huomba laana ya Mungu imshukie yeye mwenyewe akiwa mwongo. Neno la kiapo hicho ndilo tunalolisikia kila jioni kwenye taarifa ya habari.

Sisemi liachwe. Ninachodai ni kwamba lielekezwe kwa kitendo. "Tunalaani mauaji" ni sawa. "Tunamlaani waziri" ni apizo. Hata kwa kitendo, angalia kauli ya kutendwa: "uamuzi uliolaaniwa" unasomeka kama uamuzi wenye mkosi. Andika "uamuzi ambao chama kimeulaani". Na hilo "vikali" nalo! Ukishamwombea mtu kutolewa katika rehema, ni ukali gani tena uliobaki wa kuongeza?

Kwa mtu tuna onyo na karipio, wala hayo si kitu kimoja. Onya imetokana na ona: ni kumfanya mtu aone. Kwa hiyo barua ya onyo isiyotaja kosa, tarehe lilipotendeka na kinachotakiwa kurekebishwa haijamwonyesha mtu chochote, hata ikiwa na mihuri mitatu. Karipio halina deni hilo. Linamwambia mtu amekosa, basi.

Shutumu nalo linachanganywa na tuhumu. Asili ya shutumu ni kutukana. La tuhuma ni tuhumu. Mtu anayedhaniwa kuiba anatuhumiwa. Atashutumiwa baadaye, watu wakishaamini.

Linaloponza zaidi ni kashifu. Magazeti ya Kenya huandika "wabunge wakashifu serikali" yakimaanisha wameikosoa au wameilaumu. Ivushe sentensi hiyo Namanga, na Mtanzania atasoma kwamba wabunge wameivunjia serikali heshima.